Hiyo Ngege Unakula Si Ngege

Desemba iliyopita nilimpeleka dani yangu Dunga, pale Kisumu, tukale samaki. Mimi ni mtoto wa Nairobi, kwa hivyo nilikuwa nimejipanga kabisa: simu imejaa chaji, nataka video ya mimi na dani tukila ngege na ugali. Samaki akaletwa mzima, amekaangwa halafu akapitishwa kwa mchuzi wa nyanya na vitunguu. Nikamwambia, "Dani, ngege ndiyo hiyo, karibu." Akamgeuza yule samaki upande mmoja, akamwangalia, akamrudisha.

"Nyakwara, huyu si ngege."

Nikacheka. Nilidhani ni yale mambo ya wazee, si unajua, kila kitu cha zamani kilikuwa bora, hata maji yalikuwa matamu. Nikamuuliza, kama si ngege basi ni nani? Akasema ni samaki tu, wa kuja. Kisha akamla, tena akamaliza mpaka kichwa, mimi nikiwa bado napigana na miiba.

Ile video sikuiweka popote. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na manze, dani alikuwa na haki. Ngege mwenyewe, yule wanasayansi wanamwita Oreochromis esculentus, ni samaki wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, na maji ya jirani yake. Hilo jina la pili ni Kilatini na maana yake ni wa kuliwa, ndio ujue hata Mzungu aliyempa jina alikuwa na njaa. Yule tunayekaangiwa siku hizi ni binamu yake wa Nile, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950. Ngege halisi alipopotea, mgeni akarithi jina. Tunaagiza marehemu, tunaletewa mtu mwingine, tunalipa na kutoa shukrani.

Lakini huyo binamu alifanya mambo yake kimyakimya. Mgeni ambaye kila mtu anamjua ni mbuta. Watanzania wanamwita sangara. Na hadithi yake ndiyo nataka tukae nayo leo, kwa sababu shuleni tulipewa sentensi mbili tu: aliletwa na Wazungu, akala samaki wengine. Sentensi zote mbili ni kweli, na zote mbili zinaficha mambo.

Turudi nyuma kidogo. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Kabla ya hapo watu wa ziwa walivua kwa mitego ya kusuka, vizuizi vya matete, ndoana. Mwaka 1905 nyavu za kutega kutoka ng'ambo zikaingia. Ghafla ngege, ambaye alikuwa chakula cha kijiji, akawa mzigo wa kupandishwa kwenye treni. Doo ikaonekana, nyavu zikaongezeka, na ndani ya miaka ishirini hivi watu wa Ghuba ya Kavirondo, ambayo leo tunaiita Ghuba ya Winam, walikuwa wanalalamika kwamba nyavu zinarudi nyepesi.

Serikali ya kikoloni ikamtuma mtaalamu wa samaki anaitwa Michael Graham. Alizunguka ziwa mwaka 1927 na 1928, na ripoti yake ikatoka 1929. Alisema mambo mawili ninayotaka ushike. La kwanza: nyavu za matundu chini ya inchi 5 zipigwe marufuku, ili ngege wadogo wapite. La pili: wazo la kuleta samaki mkubwa mla-wenzake kutoka ziwa lingine ni hatari sana, lisiguswe kabla ya utafiti wa kina. Hiyo ni 1929, msee. Zaidi ya miaka thelathini kabla ya mbuta kumwagwa rasmi, onyo lilikuwa limeandikwa, limechapishwa, liko kwenye rafu.

Sasa kwa nini mtu aone ziwa limejaa samaki na bado atake kuleta mwingine? Hapa lazima nikueleze kuhusu fulu. Fulu ni wale samaki wadogo wenye miiba mingi. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500, na sisemi samaki 500, nasema aina 500, wengi wao hawapatikani mahali pengine popote. Kulikuwa na fulu wa kukwangua mwani kwenye mawe, fulu wa kuvunja konokono, fulu wa kula mayai ya fulu wenzake, fulu wa kula magamba ya wengine. Kwa uzito, karibu asilimia 80 ya samaki wote ziwani walikuwa fulu. Mwanabiolojia akiona hivyo analia kwa furaha. Afisa wa uvuvi wa kikoloni akiona hivyo anaona takataka. Hawauziki mbali, ni miiba mitupu. Hoja yao ilikuwa hii: tulete samaki mkubwa awale hawa wadogo, sisi tumle yeye. Kugeuza takataka kuwa nyama. Na usisahau kulikuwa na mabwana waliotaka tu samaki mkubwa wa kuvuta kwa ndoana Jumapili mchana.

Wanasayansi wa kituo cha utafiti cha Jinja walipinga. Geoffrey Fryer aliandika waziwazi mwaka 1960 kwamba jambo hili lisifanywe. Hoja yake inaeleweka hata kwa mtu aliyepata D ya baiolojia: kila hatua unayoongeza kati ya mwani na sahani inakula nyama nyingi. Kilo moja ya mbuta inataka kilo kadhaa za fulu. Huongezi chakula, unakipunguza halafu unakifanya kiwe kikubwa.

Halafu kukatokea jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa hadithi yote. Wakati mjadala unaendelea kwa barua na mikutano, mbuta alivuliwa ziwani mwaka 1960. Tayari alikuwamo. Baadaye sana ikaja kujulikana kwamba maafisa wa uvuvi upande wa Uganda walikuwa wamemwingiza kwa siri tangu 1954. Na unajua ukweli huo ulitumiwaje? Ulitumiwa kama hoja! Kwa kuwa samaki ameshaingia, wakasema, haina maana kuendelea kubishana, tuongeze wengine. Mwaka 1962 na 1963 wakamwagwa rasmi, Entebbe na Kisumu, mamia machache tu kwa jumla. Hawakuhitajika wengi. Mbuta jike mmoja mkubwa hutaga mamilioni ya mayai.

Angalia hizo tarehe tena. Uganda ilipata uhuru Oktoba 1962. Kenya Desemba 1963. Watu waliofanya uamuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya ziwa hili walikuwa wanafunga masanduku. Dani yangu alikuwa msichana mdogo wakati huo, mama yake akiuza samaki sokoni, na hakuna mtu aliyewauliza kitu.

Miaka kumi na zaidi ikapita bila kelele. Hii ndiyo inawachanganya watu, kwa sababu tunadhani maafa huja siku ya pili. Mbuta alijificha tu. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1970, upande wetu wa Kenya kwanza, akalipuka. Dani anasema wavuvi walipoanza kuleta mbuta kwa wingi, akina mama walimkataa. Mafuta mengi mno, ukimweka juani haanguki ukavu kama fulu, anaoza. Ikabidi akaushwe kwa moshi, na moshi unataka kuni, na kuni zinatoka kwa miti. Vilima vya huko kwetu vina vipara, na baadhi ya vipara hivyo ni vya mbuta.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980, fulu walikuwa wameshuka kutoka asilimia 80 ya samaki wa ziwa hadi chini ya asilimia 1. Watafiti Waholanzi waliokuwa Mwanza, akina Frans Witte, walikuwa wamekuja kuwahesabu na kuwapa majina, na wakajikuta wanahesabu wanaopotea. Inakadiriwa aina 200 hivi zilitoweka au zikapungua kiasi cha kutoonekana. Wengi walikuwa hawajapewa hata jina.

Ila nisiwe mtu wa kurusha kila kosa kwa mbuta, maana hapo ndipo zile sentensi mbili za shule zinadanganya. Ngege halisi alishaumizwa na nyavu kabla mbuta hajafika. Ile sheria ya inchi 5 iliachwa miaka ya 1950 na 1960. Binamu wa Nile akamnyang'anya nafasi. Na sisi wenyewe, mashamba na miji yetu, tulimwaga udongo, mbolea na maji taka mpaka ziwa likageuka kijani. Kuna utafiti mmoja wa 1997 uliniacha mdomo wazi: fulu jike humchagua dume kwa rangi, yule mwekundu wa aina yake au yule wa buluu. Maji yakishakuwa machafu haoni rangi, basi anazaa na yeyote, na aina mbili zinayeyuka kuwa moja. Hakuna aliyeliwa hapo. Giza tu limefanya kazi.

Na pesa je? Ilikuja, tena nyingi. Samaki wote wanaovuliwa ziwani kwa mwaka walipanda kutoka karibu tani 100,000 hadi karibu tani 500,000 kufikia 1990. Viwanda vikajengwa Kisumu, Mwanza, Jinja. Minofu ikapandishwa ndege kwenda Ulaya. Watu wamesomeshwa na mbuta, na pengine wewe unayesoma hapa karo yako ililipwa hivyo, kwa hivyo sitakuambia ati ni laana tupu. Lakini mnofu ulipokwenda Ulaya, kilichobaki ni mifupa na kichwa. Tunakiita mgongo wazi. Akina mama waliokuwa wanauza samaki mzima wakaanza kupanga foleni kwenye milango ya viwanda kununua mgongo wazi, wakaange, wauze kwa majirani. Ziwa lilitoa samaki mara tano, na mtaa ukawa unakula mfupa.

Sawa. Swali ambalo najua uko nalo, kwa sababu nilikuwa nalo pia: si atolewe tu?

Kuna watu walijaribu jambo la aina hiyo, na ukiisoma hadithi yao unaelewa kwa nini sisi hatuwezi. California kuna bwawa linaitwa Lake Davis, karibu na mji mdogo wa Portola. Mwaka 1994 walikuta humo samaki anaitwa northern pike, mla-wenzake mwenye mdomo mrefu na meno kama msumeno, inaaminika mtu alimwingiza kinyemela. Hofu ilikuwa kwamba akitoroka na mto atafika kwa samoni wa bonde la Sacramento. Serikali ya jimbo ikaamua kuua kila samaki bwawani kwa sumu ya rotenone. Wakazi walikuwa wanakunywa maji hayo. Waliandamana, wengine wakajifunga kwa minyororo ndani ya maji. Oktoba 1997 sumu ikamwagwa hata hivyo. Baadaye jimbo likalipa fidia ya mamilioni ya dola. Na mwezi Mei 1999, nadhani unajua kinachofuata, pike akaonekana tena.

Miaka minane wakahangaika kwa nyavu, mitego, hata umeme majini. Haikutosha. Mwaka 2007 wakarudi na sumu, safari hii baada ya kupunguza maji ya bwawa, kuitibu mito yote midogo inayoingia, na la muhimu zaidi, baada ya miaka ya kukaa chini na wale wakazi. Ikafaulu.

Hiyo rotenone, kwa njia, si uchawi wa Wamarekani. Inatoka kwenye mizizi na majani ya mimea, na hapa kwetu Afrika Mashariki kuna mmea unaitwa utupa wenye sumu ya ukoo huohuo. Wazee waliuponda wakautia mtoni kulevya samaki. Leo ni haramu, usijaribu.

Sasa piga hesabu. Lake Davis ni kama kilomita za mraba 16. Ziwa Victoria ni karibu 68,800, zaidi ya mara elfu nne. Watu wa nchi tatu wanakunywa humo. Na tofauti kubwa zaidi ni hii: Portola hakuna aliyemtaka pike. Hapa kwetu, ukitangaza leo kwamba kesho mbuta anamalizwa, wa kwanza kuandamana ni wavuvi wenyewe.

Ndiyo maana sheria zetu zimegeuka chini juu. Kanuni iliyowahi kukubaliwa na nchi zote tatu ilisema usivue mbuta chini ya sentimita 50, ili akue, na aliyepita sentimita 85 mwache, ili azae. Mwaka 2017 Uganda ilipeleka jeshi ziwani kukamata na kuchoma nyavu na mitumbwi isiyo halali, na wavuvi wengi wakalia kwamba walipigwa na kupoteza kila kitu. Soma tena polepole. Samaki aliyeingizwa kwa siri, dhidi ya onyo, akaja kulindwa na wanajeshi. Na aliyechomewa mtumbwi ni mjukuu wa yule ambaye hakuulizwa mwaka 1954.

Sisemi kanuni ni mbaya. Bila kanuni mbuta ataisha vibaya, na njaa itakuja kabla fulu hawajarudi. Ninachosema ni kwamba neno "kudhibiti" lina mwenyewe. Graham alitaka kuwadhibiti wavuvi ili ngege abaki. Walioleta mbuta walitaka kuwadhibiti fulu. Leo tunadhibiti wavuvi ili mbuta abaki. Kila mara anayedhibitiwa ni yuleyule, kinachobadilika ni samaki.

Kitu cha ajabu ni kwamba kitu pekee kilichowahi kumpunguza mbuta ni tamaa yetu. Miaka ya 1990 uvuvi ulipozidi, mbuta wakubwa wakapungua, na baadhi ya fulu wakajitokeza tena. Lakini hawakurudi vilevile. Wengine matamvua yao yalikuwa yamepanuka, kuwawezesha kupumua kwenye maji yenye oksijeni kidogo. Wengine walikuwa wamebadilisha chakula. Na omena, ambaye hakuwahi kukata tamaa, sasa ndiye anayeongoza kwa wingi kwenye nyavu. Maskini omena, tunamdharau mpaka mwisho wa mwezi.

Na ngege? Huyu ndiye nilikuwa namtafuta tangu mwanzo. Yupo. Yuko Kanyaboli, ziwa dogo ndani ya kinamasi cha Yala, kaunti ya Siaya. Kati yake na Ziwa Victoria kuna mafunjo, maelfu ya ekari za mafunjo. Chini ya mafunjo maji ni meusi, majani yanaoza, oksijeni ni kidogo sana. Mbuta anahitaji hewa nyingi, hawezi kupita hapo. Ngege anaweza kuvumilia. Hakuna jeshi, hakuna sumu, hakuna bajeti. Mmea tu umesimama mlangoni. Lauren Chapman na wenzake wameliona jambo hilohilo Ziwa Nabugabo, Uganda: mbuta anaingia ziwa lote, lakini samaki wadogo wanaponea kwenye kingo za kinamasi.

Na kinamasi hicho cha Yala tumekuwa tukikikausha kipande baada ya kipande tangu miaka ya 1960, ati ni ardhi iliyokaa bure. Nikisikia neno "bure" hapo namkumbuka yule afisa aliyeangalia fulu akaona takataka. Najua watu wanahitaji mpunga na kazi, na mimi nakula wali. Ila kabla ya kukata mafunjo ya mwisho, mtu aende akaulize wale wanaovua Kanyaboli, na asiende akiwa ameshaanza kukata.

Nilimpigia dani simu usiku uleule nilipoisoma habari ya Kanyaboli. Nilikuwa na msisimko wa mtu aliyegundua dhahabu. "Dani, umesikia? Ngege hawajaisha! Bado wako!"

Kimya kidogo. Kisha akacheka.

"Nyakwara, nani alikuambia wameisha? Nilikuambia yule si ngege."

Pasaka tulienda pamoja. Akanunua watatu kwa mama mmoja kando ya barabara, wadogo, wa kutosha kwenye kiganja. Ndiyo, najua, nimekaa hapa nikiwalilia halafu nikawala. Aliwachemsha tu, kwa chumvi na nyanya moja, bila mafuta. Nilipotoa simu akaniambia niiweke chini, ugali unapoa.